Kijana na Motokaa

Somo: Matendo ya Mitume 8:26–39



Mwezi uliopita alitujia kijana mmoja wa usharika wetu hapa Mpanda, wakati wa jioni, akaomba faragha. Umri wake ni miaka 26, naye hajaoa. Kwa misimu mitatu amelima tumbaku kwa bidii, akaiuza kwa njia ya chama cha msingi, wala fedha yake hakuitapanya. (Habari ya tumbaku yenyewe, kama yampasa Mkristo kuilima ama sivyo, tuiache kwa siku nyingine.) Akatoa simu, akatuonyesha picha ya motokaa iliyoko Japani: nyekundu, fupi, ya milango miwili, tumbo lake karibu kugusa nchi, na mngurumo wake, alisema, kama wa simba. Kisha akatuambia, “Baba Mchungaji, mimi sina mke wala mtoto. Nisipoinunua sasa, nitainunua lini? Je, ni dhambi?”

Twakiri kwamba tuliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa.

Twaandika habari hii hasa kwa ajili ya wainjilisti, maana swali hilo mmeulizwa, na mtaulizwa tena, kama si juu ya motokaa basi juu ya pikipiki au simu ya bei kubwa. Wako kati yetu wajibuo upesi, “Ni anasa, acha.” Wako wengine, hasa wenye kutazamia sadaka nono, wajibuo upesi vilevile, “Fedha ni yako, mwanangu, furahi.” Majibu yote mawili humfukuza kijana mlangoni kabla hajasema lililo moyoni mwake.

Katika Katekisimo Ndogo, Martin Luther aliposhika kueleza maana ya mkate wa kila siku, hakutaja chakula tu. Alihesabu nyumba na shamba, mifugo na fedha, mwenzi mwema wa ndoa, hali nzuri ya hewa, majirani waaminifu. Hata viatu alivitaja. Basi aliyehesabu viatu hakuona aibu kumwomba Mungu kitu cha kumpeleka mtu aendako, na motokaa nayo ni kiatu cha namna yake. Hatuwezi kusema kwamba chuma na magurudumu ni dhambi. Yatupasa kuuliza neno jingine.

Ndipo tukamfungulia kijana wetu habari ya yule mtu wa Kushi. Mtu huyu alikuwa towashi, hakuwa na mke wala mtoto wa kumngoja nyumbani. Alikuwa msimamizi wa hazina yote ya malkia Kandake, na gari alilopanda halikuwa gari la maskini. Tena alikuwa Mwafrika, jambo ambalo sisi twapenda kulikumbuka. Basi Filipo alipopiga mbio akalifikia gari lile katika njia ya jangwani iendayo Gaza, je, alianza kwa kumkemea kwa sababu ya gari? Hata kidogo. Alimwuliza habari ya kile alichokuwa akisoma. Na yule mkubwa wa serikali akafanya neno moja ambalo twaomba mlitazame sana: alimkaribisha mtu wa miguu, mwenye jasho na vumbi, apande aketi pamoja naye. Hata walipofika penye maji, akaamuru gari lisimame. Lilikuwa gari lenye nafasi ya mtu wa pili, na lenye mwenyewe aliyejua kulisimamisha.

Sasa litazameni gari la pili, la kijana Absalomu, katika 2 Samweli 15:1. Yeye naye alijipatia gari na farasi, na watu hamsini wa kwenda mbio mbele yake. Wale hamsini hawakupanda. Kazi yao ilikuwa kukimbia ili watu wa mjini wageuze shingo. Gari lile lilinunuliwa kwa ajili ya macho ya watu, na mwanzo huo haukuishia penye gari, bali uliishia penye vita juu ya baba yake. Siku ya kufa kwake, Absalomu alinaswa kichwa katika matawi ya mwaloni, na nyumbu aliyempanda akaendelea na safari yake.

Kijana akacheka habari ya nyumbu. Kisha akanyamaza.

Wenyeji wa Mpanda wanao mfano mwingine, nao wauona kila waendapo stesheni. Reli itokayo Kaliua ilifika hapa mwaka 1950, nayo haikujengwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Ilijengwa kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba. Machimbo yale hayakudumu, yakafungwa karibu na mwaka 1960. Lakini mabehewa yalikuwa na nafasi ya vitu vingine, mpunga na mahindi, na akina mama wenye watoto mgongoni. Basi njia ile ipo hata leo.

Hapo tukaona haifai kumhubiri mwenzetu bila kusema habari zetu. Tulipotoka chuo cha theolojia, tukiwa bado hatujaoa, tulinunua pikipiki kwa fedha ya kukopa. Tulisema ni kwa ajili ya kazi ya Bwana, na kweli kazi ilikuwapo, maana mitaa ilikuwa mbali. Walakini kati ya pikipiki mbili za bei moja tulichagua ile yenye mlio mkubwa. Jumapili moja ya mwezi wa Julai, wakati nchi imekauka, tulikuwa tukienda kuongoza ibada, tukampita bibi mmoja mzee aliyekuwa akitembea na fimbo yake. Hatukupunguza mwendo. Tuliposimama kusoma somo la siku ile, tulimwona akiingia taratibu, khanga yake nyeupe imekuwa nyekundu, na vumbi limejaa katika nyusi zake. Hatuwezi kukumbuka tulihubiri nini. Baada ya ibada tukamwendea kumwomba radhi. Hakutukemea, aliuliza tu kama kile kiti cha nyuma kina mtu. Kilikuwapo tangu siku ya kununua, nasi hatukuwa tumekitazama.

Baada ya hayo tukaketi kuhesabu, kama Bwana alivyofundisha katika Luka 14:28 habari ya mwenye kujenga mnara. Hapa ndipo vijana wengi hudanganyika, maana bei iandikwayo chini ya picha si bei ya motokaa iliyofika Mpanda. Kuna nauli ya meli na bima. Juu ya jumla hiyo huwekwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha kodi nyingine kwa kadiri ya ukubwa wa injini na uchakavu wa gari, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo hutozwa juu ya hayo yote. Kwa gari la zamani, ushuru na kodi zikijumlishwa zaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Halafu kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1,000, na kipuri kikivunjika huenda kikaagizwa huko huko. Lami tunayo sasa ya kwenda Tabora kwa njia ya Inyonga na Sikonge, twamshukuru Mungu; lakini mama yake kijana huyu akaa mbali na lami, na kuanzia Novemba mpaka Aprili njia ile huwa matope meusi. Motokaa ya tumbo la chini haitamfikia.

Tulimwuliza, “Mama yako ataipanda lini?” Hakuwa na jibu.

Habari ya mwendo tuliisema kwa ufupi, kwa kuwa yajulikana. Barabara ya kwenda Sumbawanga, ukipita Sitalike, yakata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na nyati havuki kwa kutazama taa. Sisi wachungaji tumezika vijana waliokuwa na haraka.

Lakini neno lake la kwanza lilikuwa bado halijajibiwa: “Sina mke wala mtoto.” Neno hili tusilidharau. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 7, ausifu uhuru wa asiyeoa. Asema mtu wa namna hiyo aweza kushughulika na mambo ya Bwana pasipo kugawanyika. Kwa hiyo uhuru anao kweli, tena zaidi yetu sisi tulio na ada za shule za watoto sita. Tulilokataa ni lile alilolificha ndani ya neno lake, yaani kwamba asiye na mke hana mtu. Anaye mama mwenye nyumba ya nyasi. Anaye dada yake mdogo, aliyemaliza kidato cha nne, anayengoja ada ya chuo. Mwaka 1520 Luther aliandika kitabu juu ya uhuru wa Mkristo, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni habari ya kumtumikia jirani. Msomaji aliyetazamia ruhusa ya kufanya apendavyo atakiweka chini.

Mtauliza, Je, mlimkataza? Hatukumkataza. Tungalimkataza, angalitii kwa uso, na moyo wake ungalibaki Japani na ile picha. Au angaliinunua kwa siri na kutukimbia sisi na meza ya Bwana pia. Tulimwambia aandike katika karatasi moja gharama zote za motokaa, na katika karatasi ya pili majina ya watu watakaoketi ndani yake, kisha asome karatasi zote mbili mbele ya mama yake.

Amesafiri juma hili kwenda kwake. Picha ingali katika simu, alituonyesha tena alipokuwa akiaga, na bei imeshuka kidogo, jambo ambalo hatukulipenda. Tumemwambia kwamba mlango wetu u wazi, na kama akirudi na motokaa ile nyekundu, asiifiche nyuma ya soko. Aiegeshe chini ya mwembe wetu, naye apige honi, tutoke tuitazame.