KARATASI YA MJENZI ISIPITE TAREHE

Somo: Ezra 5:1 hadi 6:12



Wayahudi waliporudi kutoka Babeli, walianza kuijenga tena nyumba ya Mungu kule Yerusalema. Manabii Hagai na Zekaria walikuwa pamoja nao. Ile ilikuwa kazi ya Mungu kweli. Hata hivyo Tatenai, liwali wa serikali, alifika mahali pa kazi akataka kujua ni nani aliyewaruhusu kujenga. Wazee hawakumtukana, wala hawakumwambia kwamba neno la manabii linatosha. Walimjibu kwamba mfalme Koreshi alitoa amri. Mfalme Dario akaagiza itafutwe, nayo ikapatikana Ahmetha, katika nchi ya Wamedi. Kwa ajili ya karatasi ile wajenzi walitetewa, hata gharama ikatolewa katika mali ya mfalme.

Basi, ikiwa nyumba ya Mungu iliulizwa karatasi, wewe unayejenga nyumba za watu hutaulizwa?

Ninasema haya kwa sababu nami ni masoni, na nilianguka katika jambo hili. Patenti ya fundi mdogo ni ya mwaka mmoja. Yangu ya 2015 iliisha, nami nilijua. Mwezi wa kwanza nilisema: acha kwanza nilipe masomo ya watoto. Kila juma nilisema: nitaenda juma lijalo. Mwezi wa pili wazazi wa shule moja walitafuta mtu wa kujenga vyumba vitatu vya darasa. Siku ya kufungua madosie tuliketi wote mbele yao. Bei yangu ilikuwa nzuri. Walisoma karatasi moja moja, wakafika kwenye patenti, wakanyamaza. Kisha dosie yangu ikawekwa kando.

Nje walikuwa wananingoja mafundi sita. Mmoja wao alikuwa amekopa franka ili anunue vyombo vya kazi. Niliwatazama, nikakosa neno la kusema. Uvivu ulikuwa wangu, lakini njaa ilikuwa yao.

Siku hiyohiyo mtu alininong'oneza: toa matabishi kidogo, tarehe itaandikwa nyuma. Wapendwa, sitawadanganya. Sikutoa, lakini si kwa sababu ya utakatifu. Mfuko wangu ulikuwa mtupu. Kama ungalikuwa na kitu, sijui mkono wangu ungalifanya nini.

Hapo nilijifunza neno ninalotaka mlishike. Anayechelewa anajiuza mwenyewe. Mtu anayefika biro mapema anaweza kuuliza bei ya kweli, anaweza kudai risiti, na wakimwambia arudi kesho, anarudi bila hofu. Lakini aliyepitisha tarehe anaingia akitetemeka, na mtu anayetetemeka anakubali kila anachoombwa. Tunalia sana juu ya matabishi katika nchi yetu. Lakini mara nyingi ni sisi wenyewe tunaoifungua mlango kwa kuchelewa kwetu.

Wengine wataniambia: shemasi, hii ni taabu ya Kongo tu. Sivyo. Kule Kenya, kufuatana na sheria ya 2011, mkandarasi lazima aandikishwe kwa mamlaka ya ujenzi, na leseni yake inaisha tarehe 30 Juni kila mwaka. Anayefanya kazi bila kuandikishwa anaweza kutozwa hadi shilingi milioni moja, au kufungwa hadi miaka mitatu. Tanzania nayo ina bodi ya makandarasi tangu sheria ya 1997. Kuna ada ya kila mwaka, na asiyelipa anaweza kufutwa katika daftari.

Wengine tena wanasema: kampuni yangu imekwisha kuandikwa katika daftari la biashara, la RCCM, kufuatana na OHADA ambayo nchi yetu iliingia 2012. Vema. Lakini ndugu, ubatizo ni mara moja, na sala je? Ni kila siku. Kuandikwa mara moja hakuondoi deni la kila mwaka.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Andika tarehe ya mwisho ukutani, mahali mke wako anapoiona. Anza safari ya biro miezi miwili mbele, kwani siku nyingine mwenye kutia sahihi hayupo, na siku nyingine umeme hakuna. Katika kila kazi unayolipwa, tenga kidogo kwa ajili ya karatasi, kama unavyotenga fungu la kumi. Lipa pale panapotakiwa, udai risiti. Soma jina lako kabla ya kuondoka, lisije likaandikwa vibaya. Tunza kopi nyumbani.

Kumbukeni wale wanawali watano wapumbavu. Hawakuwa wapagani, na taa walikuwa nazo. Walikwenda kutafuta mafuta saa ambayo arusi ilikuwa inaanza, na mlango ukafungwa. Hatusomi kwamba walimchukia bwana arusi. Walichelewa tu.

Wewe masoni, wewe mkubwa wa kampuni, rudi leo nyumbani, fungua sanduku lako, soma tarehe. Ikiwa bado, mshukuru Mungu na ujitayarishe. Ikiwa imepita, kesho asubuhi uende, ukaseme ukweli, ulipe kinachotakiwa, na kazi ingoje kwanza. Mafundi wako wasilale njaa kwa sababu yako.

Bwana awape mikono yenye nguvu na mioyo yenye kuangalia saa. Amina.

Shemasi wenu