Nuru za Umbali Mmoja

Usiku usio na mwezi, mtu aliyesimama ufukweni huziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya maji. Moja inang'aa, nyingine inafifia. Macho peke yake hayawezi kumwambia kama ile hafifu ni karabai kubwa iliyo mbali au taa ndogo iliyo karibu. Nyota zote za angani zinatutega kwa swali hilo hilo.

Sirius inang'aa kuliko nyota yoyote ya usiku, na sababu kubwa ni ujirani: nuru yake hutufikia kwa miaka 8.6 tu. Antares, nyota nyekundu iliyo moyoni mwa kundinyota la Nge, hutoa nuru inayozidi ya Jua mara makumi ya maelfu, lakini iko mbali kwa zaidi ya miaka ya nuru 500, na macho huiweka nyuma ya Sirius. Macho hayakusema uongo. Yamechanganya mambo mawili, wingi wa nuru na urefu wa njia, yakayatoa kama jambo moja. Kila tunapolinganisha vitu tunakabiliwa na hatari hiyo, na swali ninalotaka kulishika ni la kale: haki ya kulinganisha tunaipata wapi? Jibu lililo wazi kuliko mengi niyajuayo liko kando ya Antares hiyo hiyo.

Katikati ya Julai, kwenye saa tatu usiku, Nge huwa amepanda juu sana kwa mtazamaji wa Mombasa au Dar es Salaam. Mwenye darubini ndogo ya macho mawili akiilenga Antares, kisha akasogea kidogo upande wa magharibi, ataona kiwingu cha mviringo chenye nuru dhaifu. Hicho ni M4, fungunyota tufe lililo miongoni mwa yale ya karibu nasi kuliko yote, umbali wa takriban miaka ya nuru 6,000. Philippe Loys de Chéseaux aliliandika katika miaka ya 1740. Mwaka 1764 Charles Messier, Mfaransa aliyekuwa akiwinda nyotamkia na kuorodhesha chochote ambacho kingeweza kumchanganya, aliona kwamba kiwingu hiki kimejaa nyota ndogo sana. Mafungunyota tufe mengine ya orodha yake yalibaki kwake mawingu matupu; hili pekee lilimfungukia.

Ndani yake mna nyota zaidi ya 100,000 zilizoshikwa pamoja na uvutano wake zenyewe. Upana wa fungu zima ni mdogo mno ukilinganishwa na ile miaka 6,000 ya safari ya nuru, kwa hiyo nyota iliyo upande wetu na iliyo upande wa pili ziko, kwa hesabu yetu, umbali mmoja. Hapo mkanganyiko wa macho unaisha. Nyota ya M4 ikionekana hafifu kuliko mwenzake, ni hafifu kweli. Tofauti inayoonekana imekuwa tofauti iliyopo.

Henrietta Leavitt wa Kituo cha Uangalizi cha Harvard alitumia hoja hiyo mwaka 1912. Alichukua nyota 25 zinazobadilika mwanga katika Wingu Dogo la Magellan, akasema zote ziko karibu umbali uleule, na papo hapo uhusiano kati ya mng'ao wao na muda wa mzunguko wa mabadiliko yao ukajitokeza. Miaka michache baadaye Harlow Shapley alijenga juu ya hoja hiyo. Alipima mafungunyota tufe yaliyotawanyika angani, akaonyesha kwamba Jua haliko katikati ya Njia Nyeupe.

Sasa turudi M4: nani ni mwenzake nani? Picha ya M4 ina wageni wengi: nyota zilizo mbele yake na nyota zilizo nyuma, kuelekea kitovu cha galaksi. Kukaa ndani ya fremu moja si kuwa pamoja. Wanaanga hutenganisha kwa mwendo. Hupiga picha, husubiri miaka, hupiga tena. Nyota za fungu huwa zimesogea kwa pamoja kuelekea upande mmoja, na wageni wamekwenda njia zao. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko linavyosemwa kwa kawaida. Ushirika umethibitishwa kwa safari, wala si kwa ujirani wa kuonekana.

Ushirika huo ukishathibitishwa, umri unasomeka. Nyota nzito huchoma haidrojeni yake haraka na kufa mapema, nyepesi hudumu. Kwa kuwa nyota za M4 zilizaliwa karibu wakati mmoja, inatosha kuuliza ni uzito gani ndio unaoelekea kumaliza akiba sasa. Jibu ni takriban asilimia 80 ya uzito wa Jua. Zilizokuwa nzito zaidi zimekwisha pita. Baada ya kupita zimeacha nyota kibete nyeupe, ambazo hazichomi tena ila zinapoa tu kwa mwendo unaojulikana. Mwaka 2002 Harvey Richer na wenzake walitangaza matokeo ya Darubini ya Hubble, iliyokuwa imekusanya nuru ya M4 kwa saa nyingi mno mpaka ikafikia vibete vilivyopoa kuliko vyote. Umri uliopatikana ulikuwa kati ya miaka bilioni 12 na 13. Mwaka uliofuata iliripotiwa kwamba humo mna sayari yenye uzito wa takriban mara mbili na nusu ya Mshtarii, ikizunguka pulsa, yaani mabaki ya nyota yanayojizungusha kwa kasi, na nyota kibete nyeupe kwa pamoja. Umri wa sayari hiyo hausomeki juu yake yenyewe. Unakadiriwa kwa fungu ilimozaliwa.

Hapa mpinzani ana haki ya kusimama. Tumedai nyota hizi zina umbali mmoja, umri mmoja na asili moja. Je, hatujazisawazisha kwa nguvu ili hesabu yetu ikae vizuri? Pingamizi hili lina ushahidi. Mbele ya M4 kuna vumbi la mawingu ya Nge, na halikutandazwa sawasawa: nyota moja hufifishwa na kuwa nyekundu kuliko jirani yake bila kosa lake. Tena mwaka 2008 Anna Marino na wenzake walichunguza majitu mekundu zaidi ya 100 ya M4, wakakuta ni makundi mawili, moja likiwa na sodiamu nyingi kuliko jingine. Dhana ya asili moja ilikuwa na ufa.

Lakini ufa huo ulionekana wapi? Katika nyota zilizotapakaa ovyo galaksini, zenye umri na umbali usiolingana, tofauti hiyo ya sodiamu ingezama kati ya tofauti nyingine elfu. Ilijitokeza hapa kwa sababu mambo mengine yote yalikuwa yametulizwa. Kwa hiyo dhana ya usawa haikuwa kauli kwamba nyota zinafanana. Ilikuwa uwanja uliosafishwa ili kutofautiana kwake kuonekane, hata kutofautiana kunakoivunja dhana yenyewe. Sijui kipimo bora cha uaminifu wa wazo kuliko hicho.

Nasema haya kwa sababu sisi binadamu tunalinganishana kila siku bila uwanja huo. Matokeo ya mitihani yakitoka, mtoto aliyesoma bila mwalimu wa hisabati na mtoto aliyekuwa na mwalimu darasani na mwingine nyumbani huwekwa katika orodha moja, namba ya mmoja juu ya namba ya mwenzake, na tunaiita orodha hiyo uwezo. Alama ni za kweli, kama mwanga wa Sirius ulivyo wa kweli. Kinachokosekana ni kujua kila mmoja ametoka umbali gani. Sisemi tuache kulinganisha; asiyelinganisha haelewi kitu. Nasema anayelinganisha ana deni la kuonyesha kwanza walinganishwa wanashiriki nini, na deni hilo tumezoea kuliruka.

Mwaka 2023 Eduardo Vitral na wenzake walitumia vipimo vya Hubble vya miaka 12 pamoja na vile vya darubini ya anga ya Gaia kufuatilia mwendo wa nyota za M4 karibu na kitovu chake. Nyota hizo zinakwenda kana kwamba katikati mmefichwa kitu kisichotoa nuru, chenye uzito wa takriban Jua 800. Huenda ni shimo jeusi la ukubwa wa kati, jamii ambayo wanaanga wameitafuta kwa muda mrefu. Huenda ni kusanyiko la mabaki ya nyota zilizokufa yaliyozama huko kwa uzito wake. Ili kuamua, inabidi kupima mwendo wa nyota zilizo ndani zaidi kuliko zilizopimwa. Kitu hicho hakina mwanga wa kulinganishwa na wa kingine chochote. Uzito wake umekadiriwa kwa sababu nyota zinazokizunguka zilikuwa zimekwisha tambuliwa kuwa wenzake, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wao.