Ngoma Nje ya Msimu

Zamani ngoma ilikuwa na mwezi wake. Msukuma hakuamka siku moja akacheza bugobogobo kwa kuwa amekuja mgeni. Aliicheza shambani, jembe mkononi, mvua zimeshaanza na ardhi imelainika, mpigaji akiipa safu ya walimaji mwendo ili pasiwe na wa kubaki nyuma. Kazi ikishakwisha na nafaka ikiwa ghalani, ndipo yalipofika mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji vilivyoigawa Usukuma tangu karne ya 19, kila kimoja na dawa zake na vituko vyake vya kuwavuta watu upande wake. Huko Kusini, kwa Wamakonde, vijana walitoka jandoni wakati wa kiangazi, chakula kikiwa kingi na njia zikiwa kavu, nao wachezaji wa vinyago wakatokea. Hakuna aliyehitaji ratiba iliyobandikwa ukutani. Ghala ndilo lililosema lini watu wacheze.

Ninayakumbusha haya kwa sababu tumekwisha kuizoea ngoma isiyo na mwezi. Tunaikuta uwanja wa ndege, wachezaji wamesimama juani tangu asubuhi wakingoja kiongozi anayechelewa. Tunaikuta hotelini, robo saa kabla ya chakula cha jioni, na kwenye ufunguzi wa semina, ambako hukatwa katikati kwa sababu mgeni rasmi ana haraka. Sisemi kwamba ni haramu. Nasema tu kwamba ngoma iliyong'olewa kwenye msimu wake lazima ipewe msimu mwingine, la sivyo inabaki pambo. Mahali ambapo kazi hiyo ya kuipa ngoma msimu mpya imefanywa kwa muda mrefu kuliko pengine popote Tanzania ni Bagamoyo.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Aliwasema wasomi wa wakati ule, na yeye mwenyewe akiwamo: walikuwa wamejifunza rumba, chachacha na twist, lakini wangapi kati yao waliwahi hata kusikia habari za gombesugu au kiduo? Kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Kikafuata cha sarakasi, ambacho vijana wake walipelekwa China kujifunza, na mwaka 1974 kikaja cha maigizo. Vikundi hivyo vilipovunjwa, ujuzi wake uliwekwa kwenye Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981. Tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, nasi sote tunasema TaSUBa.

Katika historia hiyo kuna jambo dogo ambalo hupitwa haraka. Wachezaji wa vikundi vya taifa walikuwa waajiriwa wa serikali. Mpiga ngoma alikuwa na mshahara kama karani. Mwezi ambao hakuna maonyesho alikula, na kwa kuwa alikula, alifanya mazoezi. Nitarudi hapo, kwa sababu naamini mambo mengi tunayoyalalamikia leo kuhusu sanaa za jukwaani yanaanzia hapo, wala si kwenye ukosefu wa vipaji.

Fikiri pia maana ya kumtoa msanii Ugogo na kumweka ufukweni Bagamoyo. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba, alitoka Dodoma, nchi ambako mvua huja mara moja tu kwa mwaka na ikikosa basi imekosa. Huko, muziki, ng'ombe, mvua na unyago vimeshikana kiasi kwamba huwezi kuvuta kimoja vingine vikabaki vimelala. Akaja Pwani, penye masika na vuli, kusi na kaskazi, minazi na adhana, kwa watu ambao ngoma zao ni nyingine kabisa. Hakugeuka Mzaramo. Alijenga, akaleta ndugu, akazaa, na nyumba yake ikawa kama kipande cha Ugogo kinachosikia mawimbi. Alipofariki Desemba 2003, sauti yake ilikuwa imeshafika Ulaya na Marekani, lakini waliomrithi walikuwa watoto waliojifunzia uani, wakati ambao hapakuwa na mtazamaji.

Anayeijua Bagamoyo kwa tamasha peke yake anaijua kwa wiki moja. Tamasha hilo limekuwapo tangu 1982, mara nyingi mwezi wa Septemba au Oktoba, kusi linapokuwa limepungua nguvu na vuli haijamwaga sana. Wiki hiyo mji hubadilika. Nyumba za wageni hujaa, mama ntilie huongeza sufuria, vikundi huja kutoka mikoani na nje ya nchi, na ngoma zinavuma mpaka usiku mwingi. Ni wiki nzuri, na kwa wanafunzi ndiyo mtihani halisi: aliyeimba vizuri darasani sasa anaimba mbele ya watu wa mji, ambao hawatoi alama. Wanaondoka tu, wanakwenda kununua mishikaki.

Nenda Aprili basi. Masika yamekolea, barabara za mitaani zina madimbwi, na ngozi za ngoma zimelegea kwa unyevu. Kabla ya somo lazima ziwashiwe moto, zisogezwe taratibu, zigeuzwe, zijaribiwe kwa kiganja, zirudishwe tena. Anayeharakisha anaunguza ngozi. Hakuna mtalii, hakuna kamera. Kuna mwalimu anayemrudisha kijana hatua ileile mpaka kijana anachukia, na kuna mpiga marimba anayesikiliza kibao kimoja ambacho kimepotea sauti. Kisha Juni na Julai kusi linakaza, hewa inapoa, ngozi zinakaza zenyewe, na mazoezi ya kikundi kizima yanaanza kuwa na sura. Watalii wa kiangazi wanapita, na vikundi vya mjini vinapata vibarua viwili vitatu hotelini. Baada ya tamasha, kaskazi linakuja na joto lake, wanafunzi wengi wanakwenda makwao, na mji unawabakia wavuvi.

Juu ya kalenda hiyo kuna nyingine isiyongoja jua. Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, na Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, ikipita kwenye masika, kwenye kusi, kwenye vuli. Desturi ya Pwani inajulikana: kabla ya mfungo watu huvunja jungu, arusi hufungwa kwa mkupuo, na mwezi ukiandama ngoma hunyamaza hadi Idi. Msanii anayeishi Pwani, hata akiwa Mkristo kutoka Songea, hujifunza kuupanga mwaka wake kwa kuwatazama jirani zake. Hilo nalo ni somo, ingawa halimo kwenye mtaala.

Mvuvi wa hapo ufukweni anaujua mwaka wa namna hii. Kusi likichafuka, ngalawa hukaa mchangani na yeye huketi kivulini akishona wavu, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayemwita mvivu. Lakini mpiga zeze akionekana kivulini mwezi wa Mei akikaza waya, utasikia: hana kazi huyu.

Maisha ya pamoja ya chuo cha sanaa yana ugumu wake, na sipendi kuyapamba. Ukiwaweka vijana wa makabila mengi mahali pamoja, kelele ni nyingi. Wa sarakasi wanataka uwanja, wa maigizo wanataka kimya, wa ngoma hawawezi kutoa kimya hata wakitaka. Mchongaji anagonga. Mtu anarudia mstari mmoja wa tamthilia nyuma ya dirisha lako tangu alfajiri. Lakini ndipo mahali ambapo Mmakonde anafundishwa bugobogobo na Msukuma, naye akamfundisha Mpemba sindimba, kisha wote wakaicheza msewe ya Mpemba, njuga miguuni, mpaka kifundo kiume. Hayo hayapatikani katika kozi ya wiki mbili. Mwili unachukua lafudhi ya mwili mwingine polepole, kwa kula pamoja, kwa kuudhiana, kwa kumwona mwenzako anavyobeba ndoo, maana namna mtu anavyobeba ndoo ndivyo anavyocheza.

Kuna kinachopotea pia. Bugobogobo ya jukwaani ina majembe yasiyogusa udongo. Yanarushwa, yanazungushwa, yanadakwa, na watu wanashangilia, hakuna kilichopandwa. Wapo wanaosema hiyo si ngoma tena, ni maonyesho ya ngoma, na kwamba chuo kimekusanya maua bila mizizi. Nimeusikiliza ubishi huo mara nyingi, na mimi nasimama upande wa chuo. Vijana wa Kwimba, huko Usukuma, leo wengi hawalimi tena bega kwa bega kwa jembe, au hawalimi kabisa. Kama bugobogobo ingengoja safu ya walimaji, ingekuwa imeshakufa na heshima zake zote. Ila wanaolaumu wana haki katika jambo moja: anayeicheza jukwaani anapaswa kujua ilikuwa ya nini. Mchezaji ambaye hajawahi kulima hata tuta moja hurusha jembe vizuri, lakini halibebi. Mtazamaji Msukuma wa Magu analiona hilo mara moja.

Njia nyingine tuliijaribu. Miaka ya 1980 na 1990, vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam, kama kile kilichoitwa Muungano, viliingia kwenye mabaa, vikachanganya ngoma, sarakasi, vichekesho na taarabu katika jioni moja, wiki baada ya wiki. Viliajiri watu wengi, vilipendwa, na vilizaa wachekeshaji ambao nchi nzima iliwajua. Siwadharau hata kidogo. Lakini ngoma isiyopumzika hubadilika kwa namna yake. Kinachoshangiliwa hurudiwa, kisichoshangiliwa hutupwa, na kwa kuwa kiuno hushangiliwa haraka kuliko wimbo, baada ya miaka michache kilichobaki kilikuwa kiuno. Walikosa Aprili yao, wakati wa kukosea bila kuzomewa na bila kukosa nauli ya kurudi nyumbani.

Mwaka 2002 jumba la maonyesho la chuo liliungua. Ingetosha kuwa mwisho wa hadithi, kwani kwetu taasisi nyingi hufa kwa sababu ndogo kuliko moto. Chuo hakikufungwa. Mazoezi yaliendelea, tamasha likaendelea, na miaka kadhaa baadaye jumba jipya kubwa likasimama kwa msaada mkubwa wa watu wa nchi za Nordiki. Jumba linaweza kuungua na jumuiya ikabaki, kwa sababu kilichoifunga pamoja hakikuwa paa. Lakini fedha zilizolirudisha paa zilitoka mbali, na hilo linapaswa kutukera kidogo. Tunajaza viti wiki ya tamasha, tunapiga picha, tunasema utamaduni wetu ni tajiri, kisha miezi iliyobaki tunawaachia wafadhili wautunze huo utajiri.

Ninarudi kwa familia ya Zawose. Mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo huo, Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu yao, Maisha, wakijiita The Zawose Queens. Kwa miaka mingi sauti za wanawake wa nyumba hiyo zilikuwa nyuma, zikiitikia, huku wanaume wakiwa mbele na vyombo. Hawakutokea ghafla. Walikuwa wakijifunza muda wote ule ambao hakuna aliyekuwa akiwatazama, katika ua uleule. Ukitaka kujua kama jumuiya ya wasanii iko hai, usiulize ina nani jukwaani. Uliza nani yuko nyuma, na kama analishwa vya kutosha kungoja zamu yake.

Hapo ndipo ule mshahara wa karani unaponirudia. Leo kijana anamaliza TaSUBa na stashahada yake, anajua ngoma za mikoa mingi, anajua kuruka, kuigiza, kupiga marimba. Vile vikundi vya taifa ambavyo vingemwajiri havipo tena. Anaunda kikundi na wenzake, wanapanga chumba, wananunua ngozi, na wanaishi kwa arusi, semina na ziara za viongozi. Anayewaita huwalipa saa moja ya kucheza na mara nyingi hulalamika kwamba saa moja ni ghali. Hahesabu Aprili. Hahesabu ngozi iliyopasuka, wala miezi minne ya kuifanya miguu kumi na miwili itue kama mmoja. Sidai turudi enzi za vikundi vya taifa. Nchi imebadilika na bajeti nayo imebadilika. Lakini halmashauri zetu, ambazo kila Mwenge wa Uhuru ukipita zinakumbuka kwamba zina vikundi vya ngoma, zinaweza kuwa na kikundi kimoja kinacholipwa hata Mwenge usipopita. Shule zenye uwanja na madarasa matupu jioni zinaweza kuwapa wasanii mahali pa mazoezi na kupata mwalimu wa ngoma bila gharama kubwa.

Na wewe msomaji, ukiwaalika wacheza ngoma kwenye arusi ya mwanao, waulize wamefanya mazoezi siku ngapi kwa ajili yako, kisha uwalipe na siku hizo.