Umri wa Ngoma Yenye Viraka

Jumamosi moja kwenye soko la Tengeru, kati ya masufuria yaliyotumika na redio mbovu, nilikuta ngoma ndogo ya bendi, ile yenye nyaya upande wa chini. Muuzaji aliniona nimesimama. "Kaka, hii ni ya Wapolandi," akasema, kisha akataja bei.

Kisa chake kinawezekana. Wakimbizi wa Kipolandi waliletwa Tengeru kuanzia 1942, wakafika kama elfu tano, wakawa na shule, kanisa na maskauti. Makaburi yao yapo hadi leo. Ila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na nilihisi kwamba neno "Wapolandi" peke yake lilikuwa limebeba nusu ya bei.

Nikatafuta kibati cha jina. Kilishang'olewa, kwenye mbao limebaki duara lenye rangi mbichi, na katikati yake tundu la kupumulia. Kibati kingenisaidia. Kampuni ya Premier, kwa mfano, ilianzishwa London mwaka 1922, ikahamia Leicester mwaka 1940 baada ya kupigwa mabomu, kwa hiyo ngoma yenye jina la Leicester haiwezi kutangulia mwaka huo. Ngozi nayo huwa shahidi, maana za plastiki zilianza kuenea mnamo 1957. Kabla ya hapo ngoma hizi ziliwambwa ngozi ya ndama. Hii ilikuwa na ngozi ya mbuzi, imewambwa kwa mkono, vinyweleo bado vimeganda pembeni. Nyaya zake ni nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Skrubu mbili kati ya nane ni za mlango.

Mkusanyaji wa Ulaya au Marekani angepunguza bei kwa kila kilichobadilishwa. Anaitaka ilivyotoka kiwandani, yaani, ukifikiri sana, anaitaka iliyopigwa kidogo. Hapo mimi siafikiani naye hata kidogo. Tukiuliza ngoma hii ina miaka mingapi, tunauliza miaka ya nini? Mzinga una yake, mbuzi ana yake, baiskeli ina yake. Aliyemchuna mbuzi yule, akailoweka ngozi na kuivuta hadi ikakaza, alikuwa na bendi iliyomngoja, pengine kesho yake asubuhi. Aliyefumua waya wa breki alikubali baiskeli ikae. Hao siwajui kwa majina, lakini kila kiraka chao kinaniambia siku ambayo watu walikataa kuandamana kimya. Katika hesabu yangu, hiyo ndiyo bei.

Nikamwomba muuzaji niipige. Akaipangusa vumbi kwa kiganja, akavuta kishikizo cha pembeni, nyaya zikaegemea ngozi ya chini. Nilipogonga mara nne, sauti ikatoka kavu na kali. Watoto wawili waliokuwa wakipita na mkungu wa ndizi kati yao wakabadilisha mwendo papo hapo, kushoto, kulia, kushoto, bila kugeuka kutazama ilikotoka.