Kama Imeshaandikwa, Nisali kwa Nini?



Swali hili huulizwa sana mabwenini, hasa usiku baada ya darsa: Mwenyezi Mungu (S.W.) ameshajua kama mimi ni mtu wa Peponi au wa Motoni, na elimu Yake haikosei. Sasa nikisali au nisiposali, kitabadilika nini? Wengine huuliza kwa mzaha. Lakini yupo ambaye ameshaacha sala kwa sababu hiyo, na huyo haitoshi kumwambia astaghfiru na anyamaze.

Jibu la kawaida ni la mwalimu anayejua kuwa mwanafunzi fulani atafeli: kujua kwake si kumfelisha. Mfano huu unasaidia ila haufiki mbali, kwani mwalimu anakisia tu. Tuseme hivi: nikikuona umekaa, haiwezekani wakati huo huo uwe umesimama, lakini si kuona kwangu kulikokukalisha. Na Mwenyezi Mungu hajui tu kwamba kesho utaamka Alfajiri. Anajua pia kwamba utaamka kwa kuamua mwenyewe. Ukidai elimu Yake imekuondolea hiari, umedai kwamba anajua jambo lisilo kweli.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, haupo kwenye elimu bali kwenye uumbaji. Yeye ni Muumba wa kila kitu. Je, na vitendo vyetu? Hapo ndipo wanazuoni walipogawanyika. Jabriyya walimfanya mtu kama unyoya kwenye upepo. Muutazila, kwa kuogopa kumnasibishia Mungu dhulma, wakasema mja huumba vitendo vyake. Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa Muutazila kabla ya kuwaacha, alishika neno kasb: Mungu huumba kitendo, mja hukichuma. Wapinzani wake walisema neno hilo halieleweki, na mimi naona al-Maturidi yuko wazi zaidi aliposhikilia kwamba mja ana uchaguzi wa kweli, na kwa uchaguzi huo ndio anahesabiwa.

Turudi kwa ndugu yetu aliyeacha sala. Yeye anadai kujua yaliyomo katika kitabu ambacho hajawahi kukiona. Surat Al-An'am, aya ya 148, inawataja washirikina waliojitetea kwamba Mungu angetaka wasingeshirikisha. Wakaulizwa kama wana elimu yoyote ya kuitoa. Halafu tazama: simu yake ikiibwa, hasemi kwamba mwizi ameandikiwa. Anamkimbiza! Kadari anaikumbuka ukifika wakati wa sala tu.

Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari kuwa kuna tauni. Akashauriana na masahaba, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akakubali kwamba ndiyo, anaikimbia na kuiendea kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Lakini upande wa kulisha ni yeye anayeuchagua. Umar akarudi Madina. Abu Ubayda alibaki na jeshi lake, akafariki katika tauni hiyo ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria.