Vingine Wameviweka Wapi?

Kilo moja na gramu 240: huo ndio uzito wa laptopu ya MacBook Air ya inchi 13 tangu ilipobadilishwa umbo mwaka 2022. Unene wake ni milimita 11.3, haufiki upana wa kidole changu cha mwisho. Bei yake Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa kufuata dola na duka, lakini mtu wa Masasi, mkoani Mtwara, anayeiwazia ajiandae kwa milioni tatu na kitu. Sasa chukua bei ambayo kila mwenye mikorosho huku anaikumbuka, shilingi 3,300 kwa kilo, ile iliyotangazwa na serikali Novemba 2018 baada ya wakulima kuzikataa bei za mnadani. Kwa bei hiyo, tani moja ya korosho ghafi ni shilingi 3,300,000. Tani moja ni magunia kumi na mawili na nusu ya kilo 80. Korosho zote hizo zimeokotwa kwa mkono, mgongo umeinama. Zimetenganishwa na mabibo, zimeanikwa, zimechambuliwa, zimefikishwa kwa pikipiki ghala la chama cha ushirika, AMCOS, zimesubiri mnada. Halafu zote zinageuka kuwa kitu ambacho mtoto wa darasa la pili anakibeba kwapani.

Sisemi kwamba hiyo ni dhuluma. Thamani haijawahi kutembea na kilo, na anayelalamika kuwa kompyuta ni nyepesi kuliko korosho zilizoinunua amekosea swali. Ila huku kwetu msimu mzima hupita juu ya mizani, na aliyekulia hapo hawezi kukiona kitu chepesi bila kuuliza uzito wake umekwenda wapi. Nilimwonyesha mjomba picha ya laptopu hiyo kwenye simu. Kwetu, awe Mmakonde, Myao au Mmakua, jamaa wa upande wa mama ndio wenye neno, na ile mikorosho ni yake kabla haijawa ya ndoto zangu.

"Shikamoo mjomba. Hii ndiyo ninayoifikiria."

"Marahaba." Akaigeuza simu ubavu, kana kwamba angeona upande wa pili wa picha. "Mbona nyembamba hivi? Vingine wameviweka wapi?"

Muuzaji hana jibu la swali hilo kwa sababu hakuna anayemuuliza. Anaulizwa kasi, anaulizwa betri, anaulizwa kama bei inapungua. Wembamba wenyewe hujiuza. Januari 2008 Steve Jobs wa Apple alisimama jukwaani San Francisco akaichomoa MacBook Air ya kwanza kutoka kwenye bahasha ya kaki ya ofisini, na watu wakashangilia. Mashine ile haikuwa na kisomeo cha diski, haikuwa na tundu la waya wa mtandao, na ya USB ilikuwa nayo moja tu. Walioshangilia waliona kilichoongezwa, yaani urembo. Kilichopunguzwa kila mmoja alikuja kukutana nacho baadaye, peke yake, mezani kwake.

Kwa hiyo nilimjibu mjomba kadiri nilivyojua. Feni wameitoa, joto linasambaa kwenye bati la aluminiamu, na likizidi mashine inapunguza mwendo ili isijiunguze. RAM imejengwa pamoja na prosesa, na hifadhi imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo kiasi ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokaa nacho hadi mwisho. Matundu mengine yamehamia kwenye kiunganishi kidogo unachokinunua pembeni, ambacho ndicho cha kwanza kusahaulika nyumbani. Mafaili yasiyoenea ndani yanakaa mtandaoni, kwa bando. Na ule ujuzi wa fundi wa Masasi, ambaye kwa bisibisi moja alikuwa akifungua laptopu nene, akaongeza RAM, akabadilisha diski na kupuliza vumbi, umehamia Dar es Salaam, kwa mwenye darubini na vifaa vya kuchomelea vitu vidogo kuliko punje ya mtama.

Hakuna hata kimoja kilichofutika. Vyote vimetoka ndani ya mashine vikaenda kukaa mahali pengine, na hapo mahali pana mtu anayelipa.

Kulikuwa na wakati ambapo jambo hili halikuweza kufichika. Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, aliondoka Lindi mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, akaenda Masasi kisha akapanda Newala. Alikuwa na fonografu ya kunasia sauti kwenye silinda za nta, na kamera ya sinema. Mashine hizo zilikuwa za kisasa kabisa kwa wakati wake, pengine za kwanza za aina yake kusikia ngoma za huku. Zilifika kwa vichwa vya wapagazi. Mzigo wa mpagazi enzi hizo ulikuwa kama kilo 30, na mwenyeji aliyesimama njiani angeweza kuuhesabu uzito wa teknolojia ile mtu kwa mtu, shingo kwa shingo. Leo msafara huo upo bado, ila hatuuoni ukipita. Betri za lithiamu zina grafaiti, na grafaiti huchimbwa Balama, jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma; imetafutwa pia Ruangwa, kwa majirani zetu wa Lindi. Kwa hiyo yawezekana sana kwamba kitu nitakachokitoa kwenye boksi la kigeni na kukishika kwa ncha za vidole kina ndani yake udongo wa upande huu wa Afrika, uliozunguka dunia ukarudi ukiwa mwepesi.

Newala yenyewe ni somo la uzito uliohamishwa. Wazee walipanda uwanda wa Makonde wakajificha ndani ya vichaka vyake vizito, wakikimbia wateka watumwa na mavamizi ya Wangoni. Juu kule kulikuwa salama, hewa nzuri, na ukisimama ukingoni, penye Shimo la Mungu, unaliona bonde lote hadi Msumbiji. Lakini udongo wa kichanga wa uwanda hauzuii maji. Mvua hupenya ikaenda zake, mito haipo. Maji yalikuwa chini bondeni. Usalama wa kijiji kizima ulibebwa na wanawake, walioshuka mteremko alfajiri na kupanda na mitungi vichwani. Tangu miaka ya 1950 kuna mradi wa maji wa Makonde, unaoyasukuma maji kutoka Mitema kwa mitambo, na hapo vichwa vikapumzika, mzigo ukaangukia pampu. Pampu nayo inahitaji umeme. Umeme ukikatika, mtungi unarudi kichwani kwa yule yule.

Ndiyo maana simsikilizi anayesema kwamba kupenda kitu chepesi ni upuuzi wa mjini. Aliyepanda mteremko ule na ndoo hawezi kuudharau wepesi. Mwalimu anayetoka Kitangari kwa bodaboda na begi mgongoni anajua tofauti ya kilo moja na robo na kilo tatu, mgongo wake unaijua zaidi. Wepesi ni huruma. Kinachonisumbua ni wepesi unaojifanya hauna gharama, unaokaa dukani chini ya taa kama vile ulizaliwa hivyo.

Gharama mojawapo ni vumbi, nami nitalisema kwa ufupi. Kati ya 2015 na 2019 kampuni ya Apple ilitengeneza laptopu zenye vibonye vyembamba mno, na chembe ya vumbi ikiingia chini ya kibonye, herufi inagoma au inajirudia. Mwaka 2018 walianza kuzitengeneza bure, na mwaka 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi huko Marekani. Vibonye vilikuwa vimesharudishwa unene kidogo. Hata matajiri wa California, basi, wamewahi kushindwa na vumbi.

Turudi kwenye nguvu, kwa sababu tangazo husema nyembamba na yenye nguvu, maneno mawili kwa pumzi moja. Mtengenezaji huyo huyo anaandika kwamba mashine yake ifanye kazi kwenye joto la nyuzi 10 hadi 35. Mashine isiyo na feni hutegemea hewa iliyo nje yake: hewa ikiwa baridi inajimwaga kwa kasi, hewa ikiwa moto inajizuia. Newala juu, penye upepo, ina neema. Masasi chini, kati ya majabali yake, chumba cha bati, saa nane mchana mwezi wa Novemba, haina. Prosesa ni ile ile, bei ni ile ile, lakini kazi nzito ile ile itachelewa zaidi Masasi kuliko Newala. Basi ile nguvu ilikuwa ya nani? Tumezoea kuihesabu kama mali iliyofungiwa ndani ya kitu, iliyoandikwa kwenye boksi kwa tarakimu. Naona zaidi kwamba nguvu ni makubaliano kati ya kitu na mahali. Mtu wa Mtwara hahitaji falsafa kulielewa hilo. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, bomba likaipeleka Dar es Salaam mwaka 2015 baada ya machungu mengi ya 2013, na kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi iliendelea nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo yake michache. Nguvu kuwa chini ya miguu yako ni jambo moja, taa kuwaka ni jambo jingine.

Nami ninaitaka nguvu hiyo kwa kazi gani? Barua na taarifa za kikao zinaandikika kwenye mashine kuukuu ya mtumba kutoka Kariakoo, nene, yenye feni inayonguruma, ambayo fundi wetu ataifungua akiwa anapiga soga. Hapo sina hoja. Kazi yangu ya moyoni ni nyingine: kurekodi wazee, nyimbo za jando, vinyago vya mapiko vikicheza, sauti na picha, kisha kuhariri. Video huila mashine. Hapo prosesa nzuri si anasa, ni saa za usiku zinazookolewa.

Lakini kazi hiyo hiyo ndiyo inayolirudisha swali la mjomba kwa ukali. Hifadhi ndogo ndani ya kitu chembamba inajaa upesi, na mashine kwa upole wake itanishauri nipeleke mafaili mtandaoni. Sauti ya bibi wa Newala itakwenda kulala kwenye jengo la kompyuta ambalo sitaliona, katika nchi ambayo yeye hajaisikia, na nitailipia kila mwezi kwa kadi. Silinda za Weule nazo zilikwenda Ujerumani. Zile zilisafiri kwa miguu hadi pwani, kisha kwa meli, na kila aliyekuwa njiani alijua kwamba kuna kitu kinaondoka. Hizi zitaondoka usiku, bando likiwa la bei nafuu, na sitahisi chochote.

Uzito unaweza pia kuhamia kwenye wakati. Kuna maduka yanayokopesha laptopu kwa mafungu, na mtumishi wa umma hukatwa kwenye mshahara. Huku tunaijua njia hiyo kwa jina la kangomba: mwenye shida anauza korosho ambazo bado ni maua, kwa bakuli, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anaziokota kwa ajili ya mwingine. Kitu chepesi kilichonunuliwa kwa mkopo wa namna hiyo ni mashine nzito kuliko zote. Mjomba hapo hakuniachia nafasi ya kujieleza.

"Kwa mkopo hapana. Malipo ya mnada wa mwisho yakitoka, tutazungumza. Na ikiharibika?"

"Naipeleka Dar, mjomba."

"Basi nauli ya Dar iandike kwenye bei. Na siku za kulala huko."

Niliandika. Nauli ya kwenda na kurudi, malazi, kiunganishi cha matundu, diski mbili za nje, moja ya kukaa kwangu na moja ya kukaa Newala kwa wenye sauti zao, begi la kuzuia vumbi, na kifaa kidogo cha kulinda umeme. Hesabu ikavuka milioni nne, ambayo ndiyo bei yake halisi kwa mtu anayeishi hapa, ingawa hakuna duka litakaloibandika. Mjomba aliisoma karatasi hadi chini, akaikunja, akaiweka pamoja na risiti za AMCOS. Bado naitaka.