Deni la Kuni

Mti ukianguka msituni kwa uzee wake, ni wa nani? Katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa swali hili lina jibu la kisheria. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi baada ya hapo wanavijiji wa upande wa mashariki waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa ikafutwa. Tangu hapo tawi lililokauka ni mali ya msitu.

Nimejaribu kuupinga uamuzi huo na siwezi kuupinga wote. Gogo linalooza si takataka: lina wadudu, lina uyoga, linalisha udongo utakaootesha miche. Tena wakiingia watu wengi kutafuta yaliyokauka, hawakosi wa kukata mabichi leo ili yakauke kesho, na mtega mitego naye hupita njia hiyohiyo. Msitu wenyewe hauna mbadala. Kuna kima, mangabei wa Sanje, asiyepatikana kokote duniani ila katika milima hii. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979.

Wenyeji, lakini, walikuwa na jina lake tayari: n'golaga. Hapo ndipo ninapokwama. Waliomjua mnyama huyu kabla ya vitabu ndio waliotakiwa kumlipia, na wanamlipia kwa moto wa jikoni. Vijiji vyao vimebanwa, huku msitu, huku mashamba ya miwa. Mkaa unanunuliwa, gesi inanunuliwa. Kuni za mlimani gharama yake ilikuwa shingo na mgongo.

Mimi ninayetoka mjini nalipa kiingilio, napanda kwa miguu (ndani hakuna barabara ya gari, na ni heri), nayatazama maporomoko ya Sanje yanayoshuka mita 170 hivi, napiga picha, narudi. Tawi kavu linavunjika chini ya kiatu changu na hakuna anayeniuliza. Mama wa kijijini akilibeba tawi hilohilo, ni mkosaji. Huu ndio tunaouita utalii wa ikolojia, neno safi kama maji ya Sanje yenyewe.

Hifadhi zetu zina mpango uitwao ujirani mwema: madarasa, madawati, zahanati. Sibezi. Ila darasa halichemshi maharage, na hata jina la mpango linanisumbua. Jirani mwema hutoa akipenda. Mdaiwa hulipa hata asipopenda. Ukimchukulia mtu kitu chake kwa sababu nzuri, ile sababu haifuti deni. Inaeleza tu kwa nini ulikopa. Na wakopaji ni wengi: mimi mpiga picha, wewe msomaji unayefurahi kusikia kwamba n'golaga bado yupo, hata wa ng'ambo ambaye hatafika Mang'ula maishani mwake.

Ningeanzia jikoni. Katika kila kiingilio litengwe fungu la kaya za mpakani: jiko banifu, mtungi wa gesi pamoja na pesa ya kuujaza tena, miche ya kuni kwa mwenye kipande cha kupandia. Lisitangazwe kwenye bango kuwa ni msaada. Liandikwe kwenye daftari kuwa ni malipo, na yule mama awe na haki ya kwenda getini kuuliza kwa nini la mwezi huu limechelewa.